Pete ya Siyu

Shee Kale alichimba choo, akaibuka na pete.
Sonara akaisugua kwenye jiwe lake jeusi:
fedha, akasema, ya sarafu zilizoyeyushwa,
herufi moja ingali hai ndani yake,
nuni, au mkwaruzo tu.

Wa mtaa wa juu wakadai ni ya nyanya yao.
Wa chini wakaleta hati, wino ungali mbichi.
Mimi wa makumbusho nikafungua daftari:
*Mwenyewe.* Nikaacha wazi.

Ndipo Bi Mwanaesha akaijaribu
kidole cha mwisho, kwa mate, kwa sabuni.
Ikagoma kwenye fundo.

Tukanyamaza.
Kitinda mimba wa Shee, miaka sita,
alikuwa mlangoni akinyonya ukwaju.
Hakuna aliyethubutu kumwita.