Mwenzangu wa Chini

Kabari ya mlango wetu, Funguni,
ni pande la makaa ya mawe, kubwa kama kichwa cha mtoto.
Alilileta babu, Mcha Pandu, ndani ya pakacha la muhogo,
mwaka ambao hata yeye hakuuweka kichwani.
"Sikuiba," akisema. "Nimeipunguzia meli uzito."

Alikuwa hamali wa makaa.
Kapu begani, ubao unanesa, bohari, meli, bohari;
kila kapu kipande kimoja cha shaba,
na jioni vipande hugeuka mchele na dagaa,
na bibi Mize hapokei hata salamu
mpaka mtu aoge maji mawili.

Maandishi ya kwenye magunia hakuweza kuyasoma.
Mji yalikotoka akauita Chini.
"Huko Chini," akitwambia, "yupo mwenzangu.
Huingia shimoni alfajiri, jua hajaliona,
hutoka magharibi, jua limeshakwenda zake.
Yeye hulichimba, mimi huilisha meli.
Hatujuani. Lakini usiku nikikohoa
husita kidogo, nikamsikiliza naye."

Sisi tukicheka mpaka tukafukuzwa chumbani.

Nimekuja kusoma ukubwani:
miji ile ilikuwepo, midogo, ya matofali, Uingereza ya baridi,
na wao pia walipewa vipande vya shaba vya kushukia;
kipande kisiporudi ubaoni
mke wa mtu husimama mlangoni na upawa mkononi.
Mashimo yamefukiwa. Juu yake, nasikia,
zimeoteshwa nyasi, watoto wanacheza mpira.
Bohari yetu inauza magodoro.

Umeme ulipokatika kisiwa kizima, miezi,
na gunia la mkaa likawa halishikiki kwa bei,
mama akalitia jiwe jikoni.
Likanuna. Likanuna sana.
Kisha likashika:
moshi wa manjano, harufu ya kutu na yai viza,
jirani Mwanakheri akapiga hodi kuuliza kulikoni,
na mama, koleo mkononi, kakaa sakafuni hajibu.
"Baba kaingia," alisema baadaye. "Ndiyo fulana yake hiyo."
Akalichomoa, akalizamisha ndooni.
Maji yakapiga ukelele.

Limebaki nusu.
Mlango siku hizi haliuwezi;
upepo ukija unalisukuma kando.
Usiku naisikia bawaba ikikohoa,
halafu kimya kifupi,
kama mtu anayengoja ajibiwe.