Pini Nne

Kila kifua, pini nne.
Ndiyo kazi yangu Uwanja wa Uhuru, siku za mashindano,
chini ya jukwaa, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi.
Sipigi filimbi. Sishiki saa.
Nabana namba,
na mbana namba hupumuliwa usoni.

Nasra wa Keko, miaka kumi,
pumzi yake chapati nusu na ndimu.
"Shangazi, wa pili naye hupigiwa makofi?"
Hupigiwa.
Anageukia jukwaa, anamtafuta baba yake,
anamwona,
na hapo ndipo tumbo linamkata.

Lwitiko ana kumi na tisa na anacheka,
anacheka na mimi, na wapinzani, na muuza maji,
huku kifua kikigongwa kwa ndani kama mlango wa mdaiwa
mpaka pini ikanichoma kidole.
"Samahani, mama," akasema, akikishika kifua
kana kwamba humo mna mtoto mtukutu
aliyekosa pa kumwacha.

Mwanakombo haongei.
Mwaka jana alianguka kona ya mwisho, akiongoza,
na mapacha wake wakaona.
"Imepinda," ananiambia.
Haikupinda. Naibandua, naibana palepale.
"Imepinda."
Naibandua.
Mara ya tatu anafumba macho: "Sasa?"
Sasa sawa.

Na Mzee Chilongola, sitini na saba, mbio za wakongwe,
ambaye nilidhani umri umeshamfungia haya mambo kabatini,
amekwenda msalani mara nne,
amemfokea mwamuzi, kwa nini njia ya nane, kwa nini yeye,
akarudi kumwomba radhi, akamfokea tena.
Sasa kasimama mbele yangu, vidole havishiki pembe ya karatasi.
"Baridi," anasema.
Saa nne asubuhi. Dar. Februari.
Lami huko nje inanata kwenye kandambili.
"Kweli," namjibu, "leo kuna baridi,"
namfungia polepole, nisije nikaugusa ule mtetemo
akajua kwamba najua.

Nilikimbia mita mia nne miaka kumi na mitatu.
Waliniambia itapungua. Nikiolewa. Nikizaa. Nikistaafu.

Bastola inalia.
Meza inatikisika, pini zinamwagika sakafuni,
na kijana wa maji anainama kuziokota:
"Shangazi, huu mguu wa meza si uwekewe kibao?"
Ndiyo, mwanangu,
uwekewe.