Bawaba

Alhamisi usiku, Rovigo, ghorofa ya pili ya maktaba.
Ukungu umezila taa za barabarani hadi mzizi,
nasi watu sita wenye joto la kukopa
tumeizunguka mistari minne ya Kilatini
isiyo na mwenyewe:
panya walitafuna jina la mtunzi, wakabakiza mapenzi.

Mwalimu Ersilia Bordignon, mstaafu, skafu ya zambarau,
hakubali tuanze na maana.
"Maana ni mgeni," asema, "atakuja akishaandaliwa kiti.
Kwanza nionesheni nani kasimama wapi."

Mstari wa kwanza. "Meam," yaani "wangu," limetangulia peke yake.
"Puellam," msichana, limetupwa mwisho kabisa.
Na katikati yao "ianua," mlango.

Tazio, anayesomea ufamasia, ana haraka:
"Mlango wangu," afasiri.
"Wako tangu lini? Tazama mkia wa neno!
Hawa wawili wameishia na herufi moja,
midomo imefumbwa huku, midomo imefumbwa kule.
Ni mwili mmoja, na hawagusani.
Mtunzi hakusema wametengwa. Amewatenga."

Nikaitazama karatasi yangu, na kweli
ubao ulikuwa pale, mnene,
kati ya mtu na yule aliyemwita wake.

Mimi ni fundi wa kufuli. Miaka thelathini na minne
nimepiga magoti mbele ya milango ya watu
saa ambazo hata mbwa hawabweki.
Sikuja kujifunza mapenzi. Nilikuja kwa kuwa daktari alisema
akili isiyopewa kazi huota kutu,
na kutu naijua.

Mstari wa pili: shada la maua limenyauka kizingitini.
Wa tatu: usiku unapita kwa miguu mitupu.
Mirka akaupenda huo; ni nesi,
anajua usiku unavyotembea wodini.
Tukabishana. Mitupu kwa nini? Ufukara? Unyemeleaji?
Mwalimu akayaandika yote ubaoni, hakufuta hata moja.

Kisha wa nne: bawaba imelowa.
"Cardo," asema, ni neno kavu, linagonga kama nyundo,
na papo hapo "udus," majimaji.
"Sikieni chuma kinavyolainika!
Haya ni machozi. Kijana kalia hadi mlango ukalia naye.
Tashihisi, mabibi na mabwana."
Kalamu zote zikaandika: machozi.

Yangu haikuandika.
Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la tatu.
"Mwalimu, samahani. Machozi hayafiki kwenye bawaba.
Mtu akilia nje, maji hushuka na ubao, yakaishia chini.
Bawaba hulowa ikimiminiwa. Mafuta, au maji ukikosa mafuta.
Hulowanishwa ili isilie.
Na bawaba iko upande wa ndani."

Kimya. Bomba la joto pekee likakohoa.

Ersilia akavua miwani, akavaa, akasoma upya
polepole, kana kwamba mistari imepanda bei.
"Basi alikuwa anataka kumfungulia," Mirka akanong'ona.
"Au," mwalimu akasema, "alikwisha kufungua.
Si kwa huyu."
Na lile shada kizingitini, ghafla,
hatukujua tena ni la nani.

Tazio akaniuliza nimejuaje.
Nikasema, ni kazi yangu.

Sikusema: majira ya baridi, mwaka wa tisini na saba,
mlango wetu wa nyuma, uliokuwa ukilia kama paka,
ambao Nives alinisihi miaka miwili niushughulikie,
na mimi, fundi, nikijibu kesho,
usiku mmoja ulinyamaza.
Nikapitisha kidole kwenye bawaba.
Mafuta ya zeituni. Yale mazuri, ya Krismasi.
Nikajifuta kwenye suruali, nikapanda kulala, nimefurahi:
nilidhani amechoka tu kuningoja.