Naina

Juu ya mnara wa Malindi tisa haiitwi tisa.
Wala ile nain ya darasani haikubaliki.
Ni naina, yenye mkia,
ili mikwaruzo ya redio ikiila nusu
nusu iliyobaki itoshe kumshusha mtu.

Na tatu ni tri. Mwalimu Kithi alinichapa kwa tri hiyohiyo:
"Toa ulimi nje! Thrii! Unaogopa nani atauona?"
Sasa kastaafu, anafuga kuku Ganda,
na anga lote linasema
kama nilivyosema mimi siku ile.

Thelathini na tano hatuitamki.
Tunahesabu kama mtu anayelipa deni kwa sarafu:
tri. Faif. Mojamoja, kiganjani.
Rubani anarudisha: tri, faif.
Asiporudisha, sijasema.

Saa nayo, usiniulize.
Ndege ya asubuhi hutua: kwa mama saa tatu,
ukutani mwa ofisi tisa,
kwenye daftari langu la zamu sita,
na zote ni kweli, na chai ni ileile.

Jumanne moja ya Mei, mawingu yameikalia Sabaki,
kijana peke yake katika kindege cha viti vinne
akaomba mwelekeo.
Ziro, naina, ziro.
Akarudisha: ziro, faif, ziro.
Nikasema tena, polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji:
nai-na.
Kimya. Matone kwenye kioo.
Kisha sauti yake, imenyooka: naina.
Pumzi yangu ndiyo iliyotua kwanza;
yeye alifuata, magurudumu yakirusha maji.

Jioni, nyumbani Shela, nikamhadithia mama.
Hakushangaa. Alikuwa anakanda.
Oda za mahamri huzipokea kwa simu iliyopasuka,
na mwaka wa harusi ya kina Bunu
walitaka mia sita, yeye akasikia mia tisa;
mtaa ukala mahamri mpaka Ijumaa,
mengine tukawapa mbuzi.
"Tangu hapo," akasema, "tisa siisemi wala siipokei.
Sita na tisa wamenyonya ziwa moja,
simu haiwatambui.
Mimi nasema kenda.
Na mteja sharti arudie."

Simu ikalia. Akajifuta unga kwenye leso.
"Mangapi? Mia kenda?
Haya. Sema tena nisikie."