Ndimu na Chokaa

Mimi ni fundi chokaa. Tabaka nazijua.
Ya kwanza ni ya kushika jiwe,
ya pili ya kusitiri makosa ya ya kwanza,
ya mwisho, nyembamba kama ngozi ya ndani ya yai,
husuguliwa hadi ukuta uanze kukuona.
Basi Barke, mtoto wa dada yangu,
aliporudi Langoni kwa likizo ya wiki moja
kutoka maabara yake ya ghorofa ya sita,
akaketi barazani, akasema,
"Mjomba, kazi yangu ni kama yako,"
nilicheka.
Kiganja chake hakikuwa na hata mkwaruzo.

Ndani, Somoe alikuwa amelalia upande wa kulia,
upande ambao bado ni wake.
Dawa ya Mombasa ni nyekundu kama sharubati,
huingia mshipani tone kwa tone
na haiulizi anwani.
Hupiga uvimbe, hupiga nywele,
hupiga ulimi, kucha, tumbo;
mtaa mzima hulipa
deni la nyumba moja.
Kitana chake nimekiweka kwenye kidaka cha juu
ambako mkono wake haufiki.

Barke akaomba penseli. Akachora mstari
kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi.
"Huu weusi ni kurasa, Mjomba, kurasa juu ya kurasa.
Ndiyo maana penseli inaandika:
kila herufi ni kurasa zilizochubuka."
Yako madini mengine yenye tabia hiyo.
Wao huyachambua ukurasa mmoja mmoja,
unene wa chembe mbili tatu,
kisha baina ya ukurasa na ukurasa
hulaza dawa,
kama asumini baina ya nguo sandukuni.

Nikauliza swali la fundi:
"Na unafunguka vipi?
Ukuta usio na mlango ni kaburi."

Hakujibu. Aliingia jikoni,
akatoka na nusu ndimu,
akaikamulia kipande cha chokaa kavu
kilichodondoka kando ya karai langu.
Kikachemka. Povu, na sauti ndogo
kama ya mtu anayenong'ona bila meno.
"Uvimbe ni mchachu," akasema. "Si sana,
ulimi usingetambua. Kurasa zinatambua.
Damuni zinakaa zimefumba.
Zikifika penye uchachu, zinaachia."

Miaka arobaini naitukana ndimu.
Wapishi wa harusi huikamua uani,
asubuhi naitwa mimi kuziba vidonda vya ukuta.
Sikuwahi kuwaza kwamba upo ukuta
unaojengwa ili uliwe.

Sauti ya Somoe ikapenya pazia:
"Na iko wapi hiyo? Si uilete."

Barke akatazama vidole vya miguu yake.
"Iko kwa panya, mama. Panya kumi na wanne.
Kwa tisa uvimbe umenywea."
"Na watano?"
"Hatujui bado. Wala hatujui kurasa zenyewe
zikishamaliza kazi zinatokea wapi,
au zinabaki inini, zinangoja nini."

Nje punda akajikuna kwenye pembe ya nyumba,
akaporomosha kazi yangu ya Alhamisi.

"Haya," akasema Somoe. "Nisalimie wale tisa.
Na wale watano uwape pole."

Barke aliondoka Jumapili. Jumatatu
tukavuka Mokowe na bahasha yetu ya khaki,
kuifuata ile nyekundu, ile isiyouliza anwani,
kwa sababu ndiyo iliyopo.

Sasa amelala tena. Nachanganya chokaa ya miezi minane,
laini kama malai. Kidaka kile cha juu
nataka kukipa tabaka nyembamba
kuliko zote nilizowahi kupaka,
sijui kwa nini. Napaka. Nasugua.
Inapasuka, ufa mmoja, mwembamba kama unywele.

Nilidhani kalala.
"Rudia," ananiambia.