Kofia ya Pama

Mlinzi alipapasa mifuko, soksi, hata mkate.
Kofia hakuigusa: pama la marehemu baba,
pana, la kuendea kanisani,
na ndani yake, kila upande, maikrofoni nzima
nene kama gunzi la hindi,
waya umeshuka kisogoni, umepita kwapani,
hadi kwenye kinasa kilicholala na joto lake juu ya kitovu.

Ukumbi wa reli, Moshi, Jumamosi ya mvua.
Bendi ya mzee Ndelilio inapiga mara ya mwisho
kabla ukumbi haujageuzwa ghala la saruji.

Nikasimama hatua saba kutoka jukwaani.
Sikutikisa kichwa. Ukitikisa kichwa
saksafoni inahama sikio hili kwenda lile
kama mlevi anayetafuta mlango.
Sikupiga makofi. Sikuimba, ingawa maneno yote ninayo,
nimeyabana menoni kama pini za fundi cherehani.
Gitaa la Aikaeli likaingia. Miguu ikaomba ruhusa.
Nikainyima.

Nyumbani Pasua, usiku wa manane, nikafungulia.
Besi ipo. Mvua juu ya mabati ipo,
kreti za bia, mtu aitwaye Kirita anadaiwa elfu mbili.
Na katikati ya wimbo niliouendea,
karibu kabisa, sauti ya mwanamke:
"Huyu kaka mbona hachezi? Amefiwa?"

Kimya kidogo. Ni mimi huyo, ninayenyamaza.
Kisha anacheka, na viatu vyake vinaondoka
taratibu, kuelekea kwenye ngoma.