Hesabu ya Kushuka

Injini ya petroli tuliitoa Jumatatu, ikaning'inia kwa mnyororo
kama ng'ombe wa buchani, oili ikidondoka mchangani.
Ya dizeli imeingia jana, nzito, ndefu, ina vumbi la Tunduma,
na Mama Tuntufye, mwenye pikapu, mwenye viazi vya Isyonje,
amezunguka mara mbili akiipigapiga kifuniko:
"Hii itapanda?"
Itapanda, mama. Hata ukiongeza gunia tano, itapanda.

Wote huuliza kupanda.
Wahenga nao walisema mpanda ngazi hushuka,
wakaishia hapo. Hawakusema ashuke kwa mwendo gani,
na ngazi ya kwetu Mbeya inaitwa Iwambi.

Asubuhi ya Julai hapa Mwanjelwa spana huuma vidole kwa baridi.
Nimeinama ndani ya boneti. Kichwa cha injini mpya kinagusa busta,
lile sufuria jeusi lililobanwa ukutani mbele ya pedali.
Lusajo, kijana wangu, anasema tuligonge nyundo kidogo,
litabonyea, litapisha.
Nimemtuma chai.

Busta halina nguvu yake lenyewe. Ndani mna ngozi ya mpira,
upande huu utupu, upande wa pili hewa ya Mungu;
hewa ikikimbilia utupu, wayo mmoja wa ndala
unasimamisha tani mbili.
Petroli hunyonya, na utupu ule busta huupata bure.
Dizeli hainyonyi. Hupumua mdomo wazi kama mlevi aliyelala.
Lazima uipe pampu, mgongoni mwa altaneta,
na mpira mnene, na vali isiyokubali kurudisha.
Usipoipa, gari litawaka tu, litapanda tu,
litasifiwa njia nzima.

Nimepata busta dogo kwa muuza vyuma wa Sae, nikatoboa ukuta upya.
Fimbo ya kusukuma nimeipima kwa nta ya mshumaa:
ikizidi unene wa ukucha, breki zinajishika zenyewe na kuungua;
ikipungua, pedali inazama kwanza
halafu ndiyo inakumbuka.
Masta silinda nimeijaza mezani kabla ya kuifunga,
nikisukuma pistoni kwa bisibisi, polepole,
mpaka povu likakoma. Lusajo alidhani nasali.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa na umri wake.
Pikapu nyeupe. Injini ilibadilishwa usiku, dereva ana safari alfajiri.
Mpira wa busta ulibaki unaning'inia, hauna pa kwenda.
Nikauziba kwa bolti ya kumi na mbili,
nikakaza klipu,
nikafuta mikono.
Ilikaa vizuri sana, bolti ile.

Asangalwisye anauza vocha ng'ambo ya barabara.
Pedali ameitaja mara moja tu: "Ilikuwa jiwe."
Mengine husema mkongojo wake kwenye changarawe.
Hajawahi kuuliza nani alifunga,
nami sijawahi kujua kama hajui.

Leo nilivuka nikamwita.
Aliingia kwa shida, akauegemeza mkongojo mlangoni.
Mguu uliobaki ni wa kulia.
Kanyaga ikiwa imezimwa, nikamwambia. Mara tano.
Ikawa ngumu; niliona taya lake.
Usiachie.
Nikageuza ufunguo.

Dizeli ikatikisika, ikashika, pampu ikaanza kuvuta,
na chini ya kiatu chake pedali ikashuka
kidogo, upana wa kidole,
kama mtu anayesogea kwenye benchi akupishe ukae.

Alibaki hivyo muda mrefu, injini ikinguruma, chai yangu ikipoa.
"Imeshuka," akasema.

Halafu, macho yake bado kwenye kioo cha mbele:
"Ile klipu uliikaza sana."